Walivyomhamisha Mama kwa Ajili ya Tumbo Langu

Kaka yangu alikuja Jumapili na kopo la vidonge ndani ya mfuko wa barafu, kama mtu aliyebeba chanjo. Alifungua friji yangu hapa Barking, mashariki ya London, akasukuma kando jagi la mtindi wa mama, akaliweka kopo mbele. Ni probiotiki, alisema, bakteria wazuri. Utumbo na ubongo vinazungumza, na ugonjwa wangu unalishwa na stresi. Kisha, kwa sauti ileile, akasema wamekaa kikao cha familia, na mama atahamia kwake Stanmore, upande wa pili wa London, ili nipumzike.

Mama alikuwa akiishi nami tangu baba alipofariki. Kila Alhamisi alichemsha maziwa, akayaacha yapoe, akatia kijiko cha mtindi wa wiki iliyopita, akalifunga jagi kwa kanga na kuliweka karibu na boila inayopasha nyumba joto. Mimi nilimsugua mgongo na kumkata kucha, na jioni tukagombania rimoti. Hiyo ndiyo stresi waliyokuja kuniondolea.

Ugonjwa wenyewe ni wa utumbo mpana. Kinga ya mwili inaushambulia utumbo kana kwamba ni adui. Unavimba, unafanya vidonda, unatoa damu. Hutulia kwa miezi, kisha hurudi. Majira yale ya baridi ulirudi vibaya, nikakonda mpaka pete yangu ikanipwaya, nikaihamishia kidole cha kati. Kliniki ilinibadilishia dawa, nikaanza kujidunga sindano nyumbani.

Nesi wa kliniki, mwanamke wa maneno machache, alikuwa ameshanieleza habari ya utumbo na ubongo. Mazungumzo hayo yapo, alisema, na yanakwenda pande zote mbili: wasiwasi huweza kuzidisha maumivu, na utumbo uliovimba huweza kumtia mtu huzuni na uchovu. Lakini hilo si sawa na kusema kwamba nimejiletea ugonjwa kwa mawazo yangu. Na vidonge vya bakteria, kwa ugonjwa kama wangu, ushahidi wake bado ni mdogo. Nikitaka kuvijaribu nimwambie kwanza, na sindano nisiiache. Nilimweleza kaka yote hayo. Alichukua lile la kuwa mazungumzo yapo. Yaliyobaki aliyaacha mezani pamoja na kikombe chake.

Siku ya kuhama, mama aliulizwa mbele ya familia nzima, begi lake likiwa limeshafungwa. Akasema atakwenda popote watoto watakapoona panafaa. Ulitaka aseme nini?

Tangu siku ile nikanyang'anywa hata ruhusa ya kukasirika. Nikiuliza kwa nini walikaa kikao bila mimi, kaka anashusha sauti: "Dada, tumbo." Nikimpigia wifi yangu kuuliza kama mama amekula, naye ananiambia niache kujitia mawazo, tumbo. Kila nilichosema kilihesabiwa kuwa dalili. Mtu mzima, mwenye akili zangu, nikawa nasikilizwa kama mtoto mwenye homa.

Majira ya kuchipua majibu ya kipimo yalikuja: uvimbe umetulia. Sindano imefanya kazi, alisema nesi. Nikaandika habari hiyo kwenye kundi letu la familia la simu. Kaka akajibu kabla ya wote: "Alhamdulillahi. Si tulisema? Mama yuko huku, probiotiki ziko huko, stresi imekwisha."

Niliisoma meseji ile nimesimama jikoni, nikafungua friji. Kopo lilikuwa palepale alipoliweka. Nikalitia mkobani, nikaenda kupanda treni ya Stanmore.

Nilimkuta mama ameketi kwenye mlango wa kioo unaotazama bustani, amevaa soksi za kaka. Nyumba nzuri, kubwa, na tangu asubuhi mpaka jioni haina mtu. Chakula chake cha mchana humngoja kwenye maikrowevu. Wajukuu wakirudi shule anawasemesha, wanamwelewa, wanamjibu kwa Kiingereza, naye anatikisa kichwa kukubali kila kitu.

Jioni kaka na mkewe waliporudi kazini, nikasema nimekuja kumchukua mama. Kaka alitabasamu kwa upole ule ninaouchukia, akaeleza kwamba nikimrudisha mama, ugonjwa nao utarudi. Nikamwambia nilipoumwa, mama aliondolewa kwa kuwa naumwa. Sasa nimepata nafuu, harudi kwa kuwa nimepata nafuu. Anitajie basi hali ya tumbo itakayonipa haki ya kukaa na mama yangu.

"Unaona? Umeshaanza. Tumbo lako hilo linasema."

"Tumbo langu limenyamaza. Ninayesema ni mimi."

Nikaliweka kopo mbele yake. Utepe wa kufungulia ulikuwa haujakatwa. "Hii ndiyo dawa iliyoniponya," nikamwambia. Wifi yangu akageuza sahani ya sambusa, akaigeuza tena.

Mama alikuwa anatutazama. Akaniuliza, "Jagi langu lipo?"

"Lipo, mama."

"Haya, nipeni baibui langu."

Kaka akasema tungoje Jumamosi atupeleke kwa gari. Hatukungoja.

Ndani ya treni, vituo vichache tu mbele, tumbo likanikata. Sisi wagonjwa wa utumbo tunavijua kwa moyo vituo vya London vyenye choo. Nikamshusha mama kwenye kimojawapo, nikamwacha nje ya mlango na mkongojo wake na begi, nikaketi mle ndani, hasira hainiishi. Nilimwazia kaka akiniona vile, na uso wake wa si-nilikwambia.

Nilipotoka mama aliuliza kwa sauti ya chini kama kuna damu. Nikamwambia hakuna.

"Basi aliyekukata tumbo ni kaka yako huyo," akasema, akanikabidhi begi.

Simu ikalia. Meseji ya kaka: tumefika? Tumbo vipi? Nikaandika "Tumbo zima", nikabonyeza kwa nguvu kuliko inavyohitaji simu, nikamshika mama mkono. Treni nyingine ilikuwa inaingia.