Betri ya Mama Valence

"Mama Ida, hivi huyu fundi wako si kaniibia betri?" Jirani yangu Mama Valence aliniuliza hivyo palepale kibandani kwa fundi simu wetu wa Mjimwema, kwa sauti, na wateja waliokuwepo wakaanza kudai simu zao. Simu zetu ni kama pacha, tumezinunua duka moja, ila yangu inafika usiku na yake inazima mchana, na ni fundi huyo aliyeibadilishia yake kioo. Fundi ana vidole vyembamba vyenye alama za kuungua, kila skrubu huipuliza kama anapoza uji, huiweka kwenye kizibo cha soda, na kila simu anayoifungua huiambia, "Pole, mama." Siku ile aliziambia pole zote mbili, akabadilisha betri: yangu akaitia kwa Mama Valence, yake akaitia kwangu. "Zichajini zijae," alisema, "kesho ziimbisheni kwaya kutwa."

Kesho yake jumuiya yetu nzima ya kanisani ilikuwa inasikiliza. Mchana simu ya Mama Valence ikakata wimbo katikati, na betri yangu ndani yake! Yangu, na hiyo betri yake iliyodaiwa mbovu, iliimba hadi jioni, tukaenda nayo kibandani kwa vigelegele. Mungu ni mwema. Fundi akamaliza kwanza kupuliza skrubu yake. "Sura moja, lakini chipu za viwanda viwili," alisema taratibu. "Chipu ya simu yako, Mama Valence, inapata moto na kula chaji. Betri haina kosa." Kisha akamtazama Mama Valence. "Ulinisema kwa sauti mbele ya watu. Naomba na hili uliseme kwa sauti hiyohiyo."