King'ora cha Tatu

Pale Matosinhos, mji wa bandari huko Ureno, kila kiwanda cha samaki wa kopo kilikuwa na king'ora chake. Mashua zikileta sadini, kinalia mara tatu, na Deolinda cha kwao alikijua hata akiwa amelala fofofo: kinaanza chini, kinapanda, halafu kinakohoa kama mzee. Cha kwanza anafunga kitambaa kichwani, cha pili yuko njiani, cha tatu kashasimama kwenye meza ya kupakia, karibu na dirisha. Miaka kumi na tisa. Hata na mimba ya miezi minane hakukosa.

Halafu Abílio, mumewe, akapata kazi kiwanda kipya cha kusafisha mafuta. Mshahara wa maana. Friji ikaingia, jiko la gesi likaingia, na kiburi nacho kikaingia bila kupiga hodi.

Asubuhi moja king'ora kikalia. Deolinda akachukua aproni.

"Unaenda wapi?"

"Si unasikia? Naitwa."

"Aitwe mwenye shida. Kazini wananicheka, eti mke wa Abílio bado ananuka samaki."

"Harufu hiyo umelala nayo miaka yote, mbona hukutapika?"

"Umepumzishwa, pumzika! Wenzio wanalia wapate."

Cha pili kikalia. Angeweza kutoka. Mlango ulikuwa wazi, na huyo Abílio hata viatu hajavaa, angemkimbiza wapi? Lakini mgongo ulikuwa unamuuma. Akaiangalia friji, akajiambia labda na mimi ni bibi wa heshima sasa. Cha tatu kikalia yeye kakaa kitini, aproni ameikalia.

Mwezi wa kwanza raha. Wa pili, akaifuta friji mpaka rangi ikaanza kutoka. Wa tatu akaenda kiwandani kwa nyapara wao, Zulmira. Pale dirishani kasimama binti mgeni, vidole vinakimbia.

"Dona Zulmira, nimerudi."

"Umerudi wapi, shoga? Si unakula mshahara wa mafuta wewe? Muache huyu naye ale. Kwao hata kitanda hawana."

"Nataka kazi, sijaja kwa hela."

"Hee! Kaseme hivyo pale nje kwa wanaosubiri kazi, watakupiga mawe."

Meza nzima ikacheka, wale wale aliokuwa anaimba nao. Ermelinda, aliyepanga naye samaki bega kwa bega tangu usichana, hakucheka. Ila macho hakuinua.

Deolinda akarudi nyumbani, hakumwambia mtu.

Jumapili moja mchana Abílio akavuta droo, anataka kijiko cha supu. Hakichomoki. Vijiko vyote vimelazwa kichwa kwa mkia, kichwa kwa mkia, vimebanana kama ndani ya kopo.

"Nani kapanga hivi? Una wazimu?"

Mbali kule bandarini king'ora kilikuwa kinalia, kinapanda, kinakohoa. Deolinda kasimama katikati ya jiko, mikono mbele.

"Nyamaza," akamwambia. "Cha tatu bado."