Dirisha la Kitambi

Nilidhani nimefunga, kumbe nimeficha. Nilikuwa kwenye stationari moja ya Mikumi, nasoma kwenye kompyuta yao namna ya kupunguza tumbo. Watu walipoanza kuingia, nikabonyeza kile kistari cha juu, dirisha likatoweka, nikahamia kwenye benchi nikiwa na heshima zangu zote. Nchi nilizotembea ni nyingi, lakini kazi ya kile kistari sikuijua.

Akaingia mzee mfugaji na fimbo yake. Tukamwamkia, akaitikia marahaba. Fomu ya kibali chake cha kusafirisha ng'ombe, aliyojaziwa asubuhi, haikuonekana kwenye kompyuta, na lori lilikuwa nje na mifugo juani.

"Usijali, babu," alisema dada wa stationari, anayejifunza kuandika programu. "Nimetunga amri ya kuinua madirisha yote yaliyofichwa."

Akabonyeza. La kwanza kuibuka lilikuwa langu, kwa herufi kubwa: ONDOA KITAMBI SIKU SABA.

"La nani hili?" dada aliuliza.

Nikaichunguza feni kama fundi.

"Linasemaje?" mzee aliuliza. Akasomewa. Akatukagua mmoja mmoja, taratibu, kama anayemtafuta ng'ombe wake kwenye zizi la jirani, mpaka fimbo ikasimama mbele ya mkanda wangu.

Kompyuta haina adabu, wasomaji; ukiiambia inua yote, inainua mpaka aibu. Nikajitetea: "Dada, programu yako ingemwomba kwanza ruhusa mwenye dirisha."

"Mwenyewe amepatikana," mzee alisema. "Funga lake, toa langu."