Motere ya Papa Sikuli Yafunguliwa Pumzi

Adalbert Sikuli alipenda usafi kupita kiasi, na usafi huo nusura umkoseshe siku aliyoingoja tangu binti yake azaliwe. Mwaka ule wa 1956 nilikuwa jirani yake kwenye barabara ya kutoka Goma kwenda Sake, karibu na ziwa la Lac Vert, na mpaka leo nikimkumbuka nacheka, halafu moyo unafurahi.

Alitoka Butembo akiwa mchuuzi wa maharagwe, akahangaika miaka mingi hadi akanunua kamyoneti kuukuu, kigari cha mizigo. Akaisugua mpaka ikang'aa. Kitu kimoja tu kilimkera: chini ya motere, yaani injini, palikuwa na bomba fupi lililoelekea ardhini, likidondosha mafuta popote gari linaposimama. Sikuli akachonga kipande cha mti, akaliziba. Ua wake ukabaki safi, naye akatutambia wee.

Haukupita muda, mvuke wa mafuta ukaanza kuingia ndani ya gari, na mafuta yakatoka kwenye kila kiungo cha motere. Aliyepanda alishuka akinuka kama tambara la fundi. Na Marie-Louise, binti yake, alikuwa aolewe Jumamosi mjini Goma. Sikuli alikuwa amemwahidi kumpeleka kanisani mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe.

Basi akaja Papa Harelimana, mjomba wa bwana arusi, mtu wa kujipa madaraka hata katika nyumba za watu. Akanusa gari, akakunja uso. Akasema nguo nyeupe itafika na madoa, kwa hiyo upande wao utaleta gari lingine, na Sikuli atakaa nyuma pamoja na zawadi. Nilikasirika mimi, sembuse yeye.

Ijumaa asubuhi Sikuli aliwasha motere, akafungua kifuniko cha kutilia mafuta. Mvuke wa moto ukampiga usoni. Akakitazama kifuniko: wavu wake ulikuwa umejaa vumbi jeusi la barabara zetu za lava. Hapo akaelewa. Moshi unaopenya kando ya pistoni hushuka kwenye mafuta, na lazima utoke. Hewa safi iingie kwa wavu, chafu itoke kwa lile bomba. Akachomoa kijiti chake, akauosha wavu kwa petroli.

“Motere iko inapumua sawa na mutu,” aliniambia akicheka. “Mimi mwenyewe njo niliifunga pua.”

Bado haikutosha. Gari likisimama, mvuke ulitoka kwa bomba na kupanda kupitia mianya ya sakafu. Likienda kasi, upepo wa chini uliuvuta wote nyuma. Yaani lilitaka mbio, na bibi arusi wa kwetu haendi mbio: kuanzia nyumba za kwanza za mji, akina mama hutembea mbele wakiimba, gari likijikokota nyuma yao.

Jumamosi akina mama walikuwa wamejipanga barabarani kwenye nyumba za kwanza za mji, Harelimana katikati, gari la kuazima likingoja pembeni. Sikuli akapiga honi tangu mbali. Marie-Louise akatoa kichwa dirishani, akawaomba mama zake wapishe, wataimba nyuma. Wakatazamana, wakapiga vigelegele, wakakusanya vitenge vyao na kukimbia nyuma ya gari. Harelimana naye akakimbia; barabara ilijaa watu, gari la kuazima lisingepita, angefanyaje?

Kanisani Sikuli alizima motere mara tu gurudumu liliposimama. Binti akashuka, nguo yake nyeupe pee. Harelimana akafika akihema, akaizunguka ile nguo akitafuta doa, akakosa hata alama. Basi akanyoosha mkono ili amwongoze ndani. Marie-Louise hakuupokea.

“Papa yangu njo amenileta,” alisema. “Yeye njo ataniingiza.”

Sikuli akalia mbele ya wakwe zake wote, wala hakuficha uso. Sisi majirani tulishangilia mpaka padri akatoka kutazama kuna nini.