Maziwa ya Kuondoa Mionzi

Pascaline wetu hupima chipu za setilaiti bila kutoka kambi yetu ya wakimbizi ya Dzaleka. Msicheke. Kampuni moja ya Ulaya huziweka kwenye chumba cha zege na kuzipiga mionzi kama ile ya angani, na mtu haruhusiwi kuingia humo. Yeye huziangalia kutoka huku kwa kompyuta. Chipu ikizimia, anaiwasha tena. Mimi ni jirani yake tu, mshona nguo, lakini najivuna kana kwamba nilimzaa.

Aliyemzaa, Mama Ernestine, alikuwa na hofu. Pascaline ana mimba, na mama aliamini mionzi hupita kwenye kioo cha kompyuta. Kila siku ya kazi alimletea maziwa, kwa sababu kwao Bukavu sumu huondolewa kwa maziwa. Pascaline alikunywa huku akicheka.

Jumanne moja umeme ulikatika. Kompyuta yake kuukuu, ya soko la Tsoka kule Lilongwe, haikai bila umeme, na saa ya mionzi hukodiwa mapema, ikipita, imepita. Naye alikuwa bado hajathibitishwa kazini. Betri pekee ya kutufaa ilikuwa ya vipaza sauti vya kwaya, na mtunza vyombo vya kwaya ni nani kama si Mama Ernestine?

“Sitoi,” alisema. “Utaua bébé.”

“Mama, mionzi iko kule Ulaya. Huku kunafika namba tu.”

“Sauti ya kaka yako Bienvenu inatoka Canada, inafika huku. Mionzi njo itashindwa?”

“Njo” ya kwao Bukavu ni “ndiyo” yetu. Mama akaondoka, Pascaline akainamia meza akalia. Nilimkasirikia yule mama, nikamwita roho ngumu, tena kwa sauti.

Muda si muda akarudi amepanda kabaza, baiskeli ya kukodi, amepakata betri, chupa ya maziwa kwapani. Nikaona haya. Tulipokwisha kuunganisha waya, alivuta kigoda akakaa katikati ya kioo na tumbo la mwanawe.

“Ikipita, inikute mi kwanza. Mi nishazaa.”

Pascaline alifanya kazi akichungulia juu ya bega la mama yake, mikono ikimzunguka kufikia vitufe. Chipu ilizimia, akaiwasha. Ikazimia tena, akaiwasha tena. Saa ilipokwisha, Wazungu wakaandika asante na kumpangia zamu nyingine.

Mama akamimina maziwa kikombeni. Safari hii Pascaline hakucheka wala hakueleza kitu. Alimrudishia kikombe.

“Kunywa weye, mama. Weye njo ulikuwa mbele.”

Mama Ernestine akanywa nusu, akajifuta midomo kwa kitenge.

“Hii ingine ni ya bébé.”