Mzee na Bahili wa Sinema

Mzee niliyekuwa nikimhudumia Houston alipenda filamu za kuchekesha kuhusu watu wenye tamaa. Hizo tu. Ukimwekea za mapenzi analala, za ngumi anatukana. Nilianza kwake mwishoni mwa 2018. Bintiye, ambaye ni daktari, alinichagua kwa sababu ya Kiswahili: mzee ni Mhindi wa India, lakini ujanani alifundisha Tanga miaka kadhaa, na uzeeni Kiswahili kilimrudia kwa fujo. "Shikamoo mzee," nikiingia. "Marahaba binti, umechelewa," hata kama nimewahi.

Baada ya Tanga alirudi kwao akawa mwanaharakati. Aliwaongoza vibarua wasio na ardhi, akalala jela, akapigwa virungu hadi mikono ikabaki inatetemeka. Ndiyo maana nilimlisha kwa kijiko.

Filamu aliyoipenda kupita zote ilikuwa ya bahili anayeficha mchele wakati wa njaa ili bei ipande. Inaanza bahili akiwasha ubani mbele ya sanamu ya mungu wake, akiomba mvua isinyeshe. Mzee alicheka mpaka akakohoa. Aliniambia zamani walitundika shuka wakawaonyesha vibarua filamu hiyo, Wahindu na Waislamu wamekaa mkeka mmoja, na kesho yake wakaandamana wote mpaka ghalani kwa tajiri. "Anayekunyonya hakuulizi unasali wapi, binti." Nilimpenda kwa maneno yale, sisemi uongo.

Mwaka uliofuata jamaa zake wakaanza kumtumia video kwenye simu. Asubuhi nzima mtu anafoka kwa lugha nisiyoijua, naye anaitikia kwa kichwa. Kidogo kidogo akaanza kusema ujana wake ulipotea bure, kwamba walidanganywa, adui hakuwa tajiri. Siku moja filamu inaendelea akamnyooshea kidole bahili.

"Unamwona? Waislamu ndivyo walivyo."

"Mzee, si huyu huyu aliyekuwa anaiwashia sanamu ubani?"

"Anajifanya," akasema, wala hakucheka.

Mimi ni Mwislamu. Hakujua. Jina langu ni la Kiswahili tu, hata Wakristo wanalo. Kazi ile nilitafutiwa na nesi Mkenya, mwanakwaya, na kitambaa changu nilikifunga kilemba. Basi mzee akaamua mwenyewe kuwa nami ni mtu wa kanisani, na mwanzoni sikuona haja ya kumsahihisha. Baadaye nikaogopa. Niliihitaji kazi, ndiyo, lakini si hilo tu: tangu baba yangu afariki, hakuna mwingine aliyekuwa akiniita binti. "Ninyi watu wema," alikuwa akiniambia, "si kama wale." Nami namfuta mdomo. Iliniuma kila siku, halafu jioni nina-drive kurudi kwangu Sharpstown nikimtukana peke yangu ndani ya gari. Ramadhani ya kwanza nilimwambia nimeshakula nyumbani, hakuuliza zaidi.

Ya pili ilikuja na korona. Asubuhi moja bintiye alimdunga sindano yake ya sukari, akakimbilia hospitali. Baada ya sindano lazima ale. Nikapasha wali na dengu, nikakaa karibu naye.

"Onja kwanza chumvi. Jana ulinimwagia bahari nzima."

Nilikuwa nimechoka, sikufikiri. "Siwezi mzee, nimefunga."

Alinitazama muda mrefu. "Kwaresima imepita," akasema taratibu.

Nikainua kijiko. Akafunga mdomo, akageukia ukutani.

Nikambembeleza. Juisi hataki, biskuti hataki. Jasho likaanza kumtoka, mikono ikazidi kutetemeka. Nikampigia bintiye, nikamweleza yote. Alikuwa anahema ndani ya barakoa. Akaniambia kwa Kiingereza nisiite gari la wagonjwa kwanza, wodi zimejaa korona, baba yake akiletwa pale hatoki. Kisha akasema:

"Mwambie ulikuwa unatania. Mwambie wewe ni Mkristo."

"Daktari, unajua unaniambia niseme nini?"

"Najua. Sukari yake inashuka. Nakuomba."

Nilisimama jikoni nimeshika simu iliyokwisha kukatika. Nilimchukia mzee yule, wallahi nilimchukia, na sikutaka afe. Nikarudi nikajilazimisha kucheka.

"Mzee nawe! Hujui utani? Mimi Mkristo."

Akanigeukia. Midomo ilikuwa imempauka. "Onja," akasema.

Nikachota wali. Nikautia mdomoni, nikatafuna huku ananitazama, nikameza.

"Chumvi?"

"Inatosha, mzee."

Akafungua mdomo. Nikamlisha kijiko cha kwanza, cha pili, cha tatu, na jasho lake likaanza kukauka. Akanipapasa mkono.

"Nilijua tu," akasema. "Mtu mwema kama wewe."