Levina na folda iliyowakatalia makarani wa Ipole

Saa nne asubuhi, Levina Mahona amepiga magoti chini ya meza katika ofisi ya ushirika wa wafuga nyuki, Ipole, akifuata waya kwa kidole. Waya ni mzima. Anachomoza na vumbi magotini, anacheka peke yake.

"Mtandao upo, folda inaonekana," anasema. "Halafu ukiandika, unaambiwa huna ruhusa. Sasa nani kakunyima?"

Nje, lori limekwisha kupakiwa mapipa sitini na mawili ya asali. Dereva amesema saa saba anaondoka, na pipa lisilo na cheti litashushwa. Vyeti havitoki mpaka makarani waandike vipimo vya kila pipa kwenye folda ya pamoja, ile ambayo kila kompyuta huivuta yenyewe kutoka kwenye seva, kompyuta kuu ya ofisi, mara inapowashwa. Tangu Jumatatu folda inasomeka tu, kuandika hairuhusu. Jasho la msimu mzima la familia mia moja na arobaini limekaa juani.

"Wanyamwezi tulibeba mizigo ya watu kwa miguu mpaka pwani," anatania karani Apolinaria, ingawa uso umemsawajika. "Leo mzigo wetu wenyewe umekwamia kwenye kompyuta. Aibu gani hii!"

Levina, mzaliwa wa Igalula mwenye miaka thelathini na mmoja, alijifunza ufundi wa kompyuta kwa kufungua kompyuta mbovu zilizotupwa stoo ya kanisa. Siku nzuri hupata shilingi elfu thelathini. Siku nyingine huambulia nauli. Mama yake hadi leo huwaambia majirani kuwa binti yake anatengeneza redio.

Anaifungua folda kwa mkono, bila kuiachia kompyuta, kwa jina lake mwenyewe. Inakubali kuandikwa! Anazima kompyuta, anawasha, anaiacha ijifungue. Inakataa. Mwingine angetukana, yeye anasogeza kiti karibu.

"Hapo sasa! Utamu ndio umeanza."

Jibu liko kwenye mstari mmoja wa faili la maelekezo ya kompyuta: folda ikijifungua yenyewe, mwenye mali ni Vedasto, wengine wote wasome tu. Vedasto ndiye mwenyekiti, mzee wa miaka sabini na minne.

"Fundi wa kwanza alituuliza mwenye folda ni nani," anaeleza Apolinaria. "Tungemtaja nani, dada, na mkubwa yupo?"

Kwa miaka miwili wote waliingia kwa jina la mzee, mambo yakaenda. Jumatatu mnunuzi wa asali akataka kila karani aingie kwa jina lake, ijulikane nani kapima nini. Kompyuta ikawaona wageni.

Dawa yake ni fupi, lakini nani amwambie mzee? Makarani wanatazama sakafu. Levina anamfuata kwenye benchi barazani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Imekubali?"

"Bado. Imeandikwa jina lako peke yako. Naomba niwaongeze makarani."

"Kwetu mzinga haufunguliwi mwenyewe hayupo."

"Ndiyo, baba, na kompyuta imeshika hivyo hivyo. Wewe utabaki mwenyewe. Wao watakuwa kundi lenye ruhusa yako."

"Kumbe wameniheshimu mpaka wamekwama!" Kicheko kinamtikisa mabega. "Waruhusu. Wote."

Levina harudi kwenye kiti. Anamkalisha Apolinaria, anamsomea hatua moja moja. Karani anaandika jina la kundi kwenye ule mstari, anazima, anawasha. Anaingiza kipimo cha pipa la kwanza, anahifadhi. Imekubali! Printa inaanza kukoroma, vigelegele vinamfikia dereva barabarani.

Saa saba kasoro dakika kumi, lori linaondoka na mapipa yote.

Levina anapanga kuzunguka vyama vya ushirika kutoka Sikonge mpaka Usinge, kila ofisi aache karani mmoja anayeijua kazi hii. Kwamba ataitwa kazini mara chache zaidi, anajua.

"Fundi anayeitwa kila wiki hajatengeneza kitu," anasema. "Mwakani nataka nije Ipole kununua asali tu."